Ukurasa Uliochelewa Kuvaa

Nchi hii haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akihisi kwamba amewahi kuiona mahali, pengine hata amekanyaga vumbi lake leo asubuhi akienda kazini, ajue hayo ni macho yake tu. Nchi ninayoisimulia ilikuwa na amani, bendera, na Wizara ya Sura ya Taifa. Katika wizara hiyo, ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na choo, dada mmoja aitwaye Tausi Mbwilo alikuwa ameajiriwa kuangalia tovuti ya Soko la Hisa.

Kazi yake hasa ilikuwa kulitunza faili la mapambo. Kwa wasiojua mambo hayo, ukurasa wa tovuti huja vipande viwili. Kipande cha kwanza ni maneno na tarakimu zenyewe, kavu kama zilivyo. Cha pili ni faili linaloamuru: herufi hizi ziwe kubwa, kichwa kile kiwe cha bluu, jedwali lile lipigwe mistari, na hiki hapa kifichwe kisionekane kabisa. Faili likiwa jepesi, ukurasa huvaa papo hapo na msomaji hajui kwamba uliwahi kuwa uchi. Likiwa zito, ukurasa hutokea kama ulivyozaliwa, ukasimama mbele za watu ukingoja nguo zake.

Faili la Jamhuri lilikuwa zito. Lilikuwa zito kwa sababu za kizalendo. Hakuna kiongozi aliyeondoka ofisini bila kuacha amri yake ndani ya faili, na amri ya kiongozi haikufutwa kamwe, maana kuifuta kulihesabiwa sawa na kung'oa kibao cha jina lake barabarani. Waziri mpya akitaka herufi ziwe za kijani, hakugusa amri ya mtangulizi wake iliyosema ziwe za zambarau. Aliandika yake chini, akaibandika neno MUHIMU. Aliyemfuata aliandika MUHIMU MNO. Yupo mmoja aliyependa herufi za kadi ya harusi ya bintiye, basi herufi zote za kadi ile zikapakiwa, pamoja na za Kijapani, kwa kuwa mchapaji alikataa kuziuza nusunusu. Ipo pia amri ya kuuzungushia ukurasa ukingo mweusi kwa msiba wa naibu waziri ambaye baadaye ilibainika hakufa, alikuwa amesafiri tu. Amri ilibaki, ikaongezwa nyingine ya kuufunika ukingo mweusi kwa ukingo mweupe. Naibu waziri mwenyewe alikuja ofisini kushukuru kwa zote mbili.

Tausi alikuwa fundi, na fundi akilazimishwa kutunza uchafu huumwa. Kulikuwa na amri za kupamba vitufe ambavyo havikuwepo tena. Kulikuwa na amri moja iliyorudiwa kila mkoa, neno kwa neno, ili mkoa wowote usijisikie umesahauliwa. Kulikuwa na amri zilizoshindwa kuitaja herufi kwa jina lake mpaka zitaje kwanza mstari iliyomo, jedwali la mstari, sanduku la jedwali na ukurasa wa sanduku, kama mtu anayetambulishwa mkutanini kwa kuanzia babu wa babu yake. Kwa hasira, muda wa chakula cha mchana, Tausi alijiandikia faili lake mwenyewe. Aliunganisha yaliyorudiwa, akatupa yasiyotumika, akataja kila kitu kwa jina moja fupi. Likatoka jembamba, safi. Alilihifadhi kwenye mkoba wake na kulitazama siku akiwa na huzuni.

*

Sasa tuje kwenye bei.

Miaka ya nyuma wakopeshaji wa nje walitoa sharti. Bei halisi ya kila hisa iwekwe kwenye ukurasa wa soko, na ibadilishwe kila inapobadilika, la sivyo hakuna mkopo. Serikali ilikubali kwa moyo mkunjufu. Iliahidi kwamba bei halisi itakuwepo. Kwamba itaonekana, hilo halikuandikwa popote.

Aliyeligundua pengo hilo alikuwa Waziri wa Sura ya Taifa mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Pangalashaba, mtu mnene mwenye sauti ya kuzindulia madaraja. Alibuni kitu kiitwacho Bei ya Heshima, yaani bei ya juu kabisa ambayo hisa imewahi kufikia tangu izaliwe.

"Mwanadamu akiugua," alilieleza bunge, "je, picha yake ya ukutani inakonda? Haikondi! Basi na hisa za taifa zipewe haki hiyo hiyo ya kibinadamu!"

Bunge lilipiga meza mpaka glasi za maji zikamwagika. Tangu siku hiyo faili la mapambo lilikuwa na amri kuu kupita zote: bei halisi ikiwa chini ya Bei ya Heshima, ifichwe, na pembeni ya Bei ya Heshima upandishwe mshale wa kijani. Kiwanda cha Taifa cha Viberiti, ambacho njiti zake zilikuwa imara kiasi kwamba moto uliziogopa, kilipata mshale wa kijani na hakikushuka tena.

Na kwa kuwa hazina ilikuwa na viberiti kuliko fedha, wastaafu wote wa idara ya afya walilipwa kiinua mgongo kwa hisa za viberiti, zikihesabiwa kwa Bei ya Heshima. Mmoja wao alikuwa Bi Nyamizi, nesi wa wodi ya wazazi kwa maisha yake yote ya kazi, ambaye ndiye mama yake Tausi. Aliporudi na cheti chake cha hisa alikikunja vizuri, akakiweka chini ya godoro, akaenda kununua unga kwa mkopo.

Bi Nyamizi alikuwa anajenga pembezoni mwa mji. Vyumba viwili na sebule, kwa tofali za udongo. Kuta zilikuwa zimesimama, lakini paa lilikuwa nusu hadithi: chumba kimoja kilikuwa na mabati, sebule ilikuwa na turubai, na chumba cha pili kilikuwa na mbingu. Vuli ilikuwa inakaribia, na mvua mbili tatu za maana zingeirudisha nyumba ile kwenye shimo ilikochimbwa. Tausi alikuwa akimchangia mama yake kutoka kwenye mshahara uliokuja mwezi huu na kuruka ujao. Mabati mengine yaliongezeka moja moja, na mama yake alisema ni faida ya maandazi anayouza.

*

Mambo yaliharibika siku Mtukufu Rais alipokuwa ugenini. Baada ya chakula alitaka kuwaonyesha wenyeji wake soko la nchi yake linavyopaa, akaomba kompyuta ya hoteli. Ukurasa ukafunguka. Picha ya Mtukufu ilitokea kwanza, kama itifaki inavyotaka. Chini yake zikafuata tarakimu zote bila hata uzi mwilini: viberiti shilingi mbili, ilhali Heshima yake ni mia tisa. Sukari, reli, saruji, zote zimepanga foleni zikiwa uchi, bei halisi na Bei ya Heshima ubavu kwa ubavu. Mwenyeji, mtu wa adabu, aligeuka kuangalia pazia. Mapambo yalifika wakati kahawa imeshanyweka, yakiwa na mishale yake ya kijani, kama mgeni aliyechelewa msibani akaingia akipiga vigelegele.

Msomaji atashangaa iweje viongozi hawakuwahi kuliona jambo hilo nyumbani. Ni rahisi. Katika Jamhuri hii kiongozi hangoji kitu pamoja na wananchi. Kila faili la mapambo lilipobadilishwa, nakala ilipelekwa kwa kompyuta za waheshimiwa kwa mkono, ndani ya bahasha, na tarishi aliyevaa tai, ikawekwa humo humo mashineni. Wao wakifungua ukurasa, nguo zilikuwa tayari kitandani.

Dakta Pangalashaba alimwita Tausi asubuhi ya pili. Mkurugenzi wa Tovuti, Bwana Tindwa, alisimama kando akiwa ameshika mikono tumboni.

"Binti," alisema Waziri, "Mtukufu ameliona taifa uchi. Mbele ya wageni! Siku ya Soko inakuja, atauzindua ukurasa upya mwenyewe, kwa mkono wake. Nataka ukurasa uvae kabla haujaonekana. Inawezekana?"

"Inawezekana, Mheshimiwa. Tukipunguza faili. Na tukilihamishia juu ya ukurasa, lianze kuitwa mapema."

"Juu ipi?" Tindwa alishtuka. "Juu kuna picha ya Mtukufu. Juu ya Mtukufu hakukai kitu! Ndiyo maana faili liliwekwa mkiani tangu mwanzo, kwa heshima."

"Basi libaki mkiani," alisema Tausi, "ila liwe jepesi."

"Liwe jepesi," Waziri aliridhia, akimpungia mkono atoke.

Tausi alishuka ngazi mbili mbili. Miaka yote aliyolitazama faili lake jembamba kama mtu anayetazama nguo ya sherehe asiyoalikwa, sasa ameitwa! Alitamani kumwambia mtu, na mtu pekee ambaye angefurahi bila kuuliza cheo kitapanda kiasi gani alikuwa mama yake.

*

Siku hiyo hiyo aliomba ruhusa mapema akaenda kumtafuta kwenye maandazi. Pale aliposema anauzia hakukuwa na maandazi wala jiko. Muuza mkaa alimwelekeza kwa kidole: "Nesi? Yuko kwenye soko lao, pale kwa Sufiani."

Kwa Sufiani ni kibanda cha intaneti chenye kompyuta moja nzima na tatu za kujazia nafasi. Mbele ya ile nzima, kwenye benchi, walikaa wastaafu wamebanana, miwani imeshuka puani, simu mkononi. Bi Nyamizi alikuwa katikati. Hakuna aliyegeuka Tausi alipoingia.

"Sufiani," alisema mzee mmoja aliyewahi kuendesha garimoshi, jina lake Mzee Lugano, "tii sheria!"

Sufiani akabofya. Sheria aliyoitii ilikuwa ya Usafi wa Kompyuta, iliyowataka wenye vibanda kufuta kumbukumbu zote za mashine mara kwa mara, ili fikra mbaya za mteja mmoja zisimwambukize anayefuata. Mashine ikasahau kila kitu, mapambo yakiwemo. Ukurasa wa soko ukafunguliwa upya, picha ya Mtukufu ikaja, kisha zikaja tarakimu tupu, na benchi zima likalipuka kwa pamoja, kila mtu akisoma mstari wake:

"Sukari sita, imepanda!"

"Reli nne, palepale!"

"Viberiti moja na nusu," alisema Bi Nyamizi, "na vinakata roho. Saruji nani kasoma? Saruji!"

"Saruji kumi na moja!"

Vidole vikakimbia kwenye simu, huyu ananunua, yule anauza. Halafu mapambo yakawasili, bei halisi zikatoweka, mishale ya kijani ikasimama kila mahali. Wastaafu wakaegemea ukuta wakishusha pumzi.

"Shikamoo mama," alisema Tausi.

Bi Nyamizi aligeuka. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari.

"Marahaba mwanangu. Maandazi yameisha mapema leo."

Alimtoa nje, wakakaa kwenye ngazi, akamweleza yote. Kwa sheria ya Jamhuri, dalali haruhusiwi kutamka bei ambayo haionekani kwenye ukurasa. Mteja hutaja yake kwa kubahatisha, na anayebahatisha huliwa. Ila pale ukurasa unapongoja nguo, mwenye macho anaona. Mtu mmoja hawezi kusoma mistari yote kabla mapambo hayajafika, kwa hiyo wamegawana, kila mtu mstari wake. Asubuhi wananunua kinachoanza kupanda, na kabla soko halijafungwa wameshauza.

"Hisa si mume, mwanangu. Hulali nayo," alisema Bi Nyamizi. "Na kabla sijaingia nimeshaamua pa kutokea. Ikishuka mpaka hapa, natoka, hata kama roho inauma. Mzee Lugano anazipenda hisa za reli kwa sababu ya ujana wake. Tumemnyang'anya mstari wa reli, tumempa sukari. Siku njema napata bati moja. Siku njema sana, mawili."

"Na zile za kiinua mgongo?"

"Ziko pale pale chini ya godoro. Viberiti nani anavitaka? Mwenye macho hanunui, na asiye na macho hatumjui." Akamtazama binti yake. "Wewe mbona umefika mchana? Una habari?"

Tausi alikuwa nayo, na alikuwa ameibeba njia nzima kwa furaha. Sasa alitamani asingekuwa nayo. Alimwambia.

Bi Nyamizi akamfuta vumbi begani.

"Utaliweza hilo faili lao?"

"Nimeshaliandika mama. Liko kwenye mkoba. Nilipolijaribu ukurasa ulivaa hata jicho halijapepesa."

"Basi hongera." Alisema kwa sauti ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Tausi zaidi. "Fanya kazi yako vizuri. Mimi sikukusomesha ili uharibu kazi ya watu kwa ajili ya bati la mama yako. Sisi tutatafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

"Maandazi," alisema Bi Nyamizi.

*

Siku zilizofuata Tausi alikuwa na hasira na kila kitu, kuanzia na mkoba wake. Ndani yake kulikuwa na kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na ikitumika, benchi zima la wazee litapofuka siku moja, na mvua itaingia chumba cha mama yake. Mchana alikuwa akitoka kutazama mawingu. Yalikuwa yanajikusanya.

Bwana Tindwa, kwa upande wake, alikuwa na haraka. Alimfungia mlango akanong'ona:

"Tausi, nasikia unalo faili jembamba. Liweke tu! Zile amri za wakubwa zifie humo humo, nani ataenda kuzihesabu?"

Hapo Tausi alimtazama mkurugenzi wake, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliona uzuri wa utaratibu.

"Haiwezekani, Mkurugenzi. Amri ya kiongozi haifutwi bila idhini ya mwenyewe. Ni kanuni za wizara. Tukiwaruka, kesho mtaulizwa ni nani aliyemfuta nani."

Tindwa, aliyekuwa na familia, alikunja uso, akafikiri, akakubali kwamba waitwe wote.

Walikuja wote. Mawaziri waliopo, mawaziri wastaafu, mawaziri waliofukuzwa wakarudishwa. Naibu waziri wa ule ukingo mweusi alikuja na mkongojo. Tausi alisimama mbele, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba ukurasa una uzito, na kwamba wizara inaomba kila mheshimiwa akubali amri yake iondolewe, kwa faida ya taifa. Hakuongeza chumvi hata punje moja. Alisema kweli tupu, maana aliwajua watu wake.

Yule wa herufi za harusi akasimama.

"Mimi sipingi kupunguza," alisema. "Kupunguza ni kuzuri. Lakini ninauliza, kwa nini tuanze na mimi? Mimi herufi zangu zimesomwa na mabalozi! Kama ni uzito, uzito uko kwenye kingo."

"Ukingo wangu ni wa msiba!" alifoka naibu waziri, akigonga mkongojo sakafuni. "Mnataka kunifuta hai? Mlinililia, mkaandika, leo mnafuta? Mimi nasema ukingo mweusi unenepeshwe! Na ule mweupe unenepeshwe zaidi, kuonyesha kwamba nilifufuka!"

Baada ya hapo kikao kilitiririka chenyewe. Aliyekuwa na bluu alidai bluu ing'ae. Waziri wa Kilimo, ambaye hakuwa na amri yoyote, alilalamika kwamba ametengwa, akapewa mahindi yanayoyumba pembezoni mwa kila jedwali. Mikoa ikataka amri zake zitofautiane, kila mmoja na mahindi yake. Neno MUHIMU MNO likaonekana limechakaa, wakapitisha MUHIMU KULIKO MUHIMU ZOTE, kisha kila mmoja akaliomba. Tausi aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Kila baada ya muda aliinua mkono kuwatahadharisha kwamba uzito unaongezeka, na kila alipowatahadharisha waliongeza.

Dakta Pangalashaba alifunga kikao kwa hotuba.

"Binti huyu ametuambia ukurasa ni mzito," alisema, akifuta jasho kwa kitambaa cha rangi za bendera. "Nami namuuliza, taifa ni karatasi ya kupeperuka? Heshima haipunguzwi uzito! Ukurasa utavaa haraka kwa sababu utakuwa na kitu cha maana cha kuvaa!"

Alishangiliwa kwa muda mrefu. Bwana Tindwa alilia machozi, na hakuna aliyejua ya nini.

*

Siku ya Soko ilipofika, faili jipya la mapambo lilikuwa halienei kwenye bahasha. Matarishi waliligawa vipande, wakavibeba kwenye sinia zilizofunikwa vitambaa, wakavipeleka kwa kompyuta za waheshimiwa wakisindikizwa na pikipiki. Ya Mtukufu ilitengewa sinia ya fedha.

Uwanjani kulikuwa na hema, bendi na kompyuta moja kubwa ya Ikulu juu ya jukwaa. Tausi alisimamishwa nyuma yake iwapo kitu kitakwama. Mtukufu alinyoosha kidole akabofya.

Ukurasa ulivaa papo hapo. Jukwaani palimeremeta. Kingo zilimetameta, herufi za harusi zilijikunja, mahindi yaliyumba, mishale ya kijani ilisimama kama gwaride. Bendi ikapiga. Mtukufu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka ugenini, na Dakta Pangalashaba alijishika kifua.

Nje ya hema, kwenye simu na vibanda vya nchi nzima, ukurasa nao ulifunguka. Picha ya Mtukufu ilikuja, tarakimu tupu zikafuata, na baada ya hapo hakikuja kitu. Mapambo yalikuwa njiani. Asubuhi yote yalikuwa njiani. Kwa Sufiani wastaafu walipiga kelele zao, wakanyamaza, wakangoja ukurasa uvae ili washushe pumzi, na haukuvaa. Mzee Lugano alisoma mstari wake, kisha wa jirani yake, kisha jedwali zima, polepole, kama mtu anayesoma gazeti baada ya chai.

Jukwaani Mtukufu alikuwa amelitazama jedwali lake mpaka likampanda kichwani.

"Viberiti mia tisa!" alisema kwenye kipaza sauti. "Na mshale juu! Halafu kuna watu wanasema kiwanda kimekufa. Ni nani kati yenu viongozi ana hisa za viberiti?"

Mikono ya viongozi ilibaki magotini.

"Aibu! Wananchi wenye hisa ni manesi, nyinyi mmekaa tu? Natangaza leo. Kila kiongozi anunue viberiti, kwa Bei ya Heshima, sasa hivi, hapa hapa. Na asiziuze bila ruhusa yangu. Huo ndio uzalendo!"

Dakta Pangalashaba alikuwa wa kwanza kutoa simu, ili aonekane. Alinunua nyingi kuliko alizokusudia, kwa sababu Mtukufu alikuwa anaangalia. Wengine wakamfuata, wakisukumana.

Tausi, nyuma ya kompyuta, alitoa simu yake chini chini akampigia mama yake.

"Mama, viberiti. Uza."

"Mwanangu, viko senti hamsini. Hapa naviona, vimetulia tu."

"Usitazame hapo. Taja mia tisa. Waambie wote wataje mia tisa."

"Nani mwendawazimu atanunua kwa…"

Bi Nyamizi hakumaliza. Upande wa pili wa simu Tausi alisikia benchi likianguka, na sauti ya Mzee Lugano ikisema "Imepita! Yangu imepita!" mara nyingi, kama kanda iliyokwama. Mama yake alikuwa analia, na Tausi, mbele ya Baraza zima la Mawaziri, alilia pia, kwa hiyo magazeti ya kesho yake yalimsifu kuwa binti aliyezidiwa na mapenzi kwa nchi yake. Alipewa nishani ya kuharakisha ukurasa.

Vuli ilianza kabla wiki haijaisha. Ilinyesha kwa fujo, na Bi Nyamizi alikaa kwenye chumba cha pili, kwenye kiti, akiangalia juu ambako hapakuwa tena na mbingu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hawakuweza kusikilizana. Tausi aliuliza kama anataka chai. Mama yake alimwonyesha kwa kidole anyamaze, kwanza asikilize.

*

Mwaka uliofuata Mtukufu alibadilisha Baraza la Mawaziri, na Dakta Pangalashaba akastaafishwa kwa manufaa ya umma. Alinyang'anywa gari, walinzi na kompyuta. Kiinua mgongo hakukiulizia sana, kwa kuwa alikuwa na hisa.

Tausi alikuwa amempitia mama yake kwa Sufiani siku alipoingia mtu mnene aliyenyongea, akauliza kwa sauti ya upole kama anaweza kutazama bei. Wastaafu walisogea, wakampisha katikati ya benchi. Sufiani akatii sheria. Picha ya Mtukufu ikaja. Tarakimu zikafuata.

Alitafuta mstari wa viberiti, akaupata, akavua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena.

"Kuna hitilafu," alisema. "Mapambo bado hayajafika."

"Bado, Mheshimiwa," alisema Tausi.

Aligeuka, akamtambua, uso ukamng'aa kwa matumaini. "Binti! Si wewe uliyeuharakisha? Yatachukua muda gani?"

Tausi alikuwa na jibu tayari, alilitunza mwaka mzima, na lilikuwa kali. Lakini alimwona jinsi alivyoshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, na jibu likampotea.

"Ni mazito, Mheshimiwa," alisema tu.

"Basi nitangoja."

Alingoja. Benchi lilisoma mistari yake, likanunua, likauza, likala mihogo, na yeye alikuwa anatazama mstari mmoja tu. Jioni Sufiani alipoanza kufunga madirisha, Bi Nyamizi alimgusa mkono, kama alivyokuwa akiwagusa wazazi wodini.

"Kesho uje mapema, baba. Tutakupa mstari wa reli usome. Hivyo viberiti umelala navyo tangu lini?"

"Tangu siku ile," alisema Dakta Pangalashaba, bila kuondoa macho kwenye ukurasa. "Ngojeni kidogo tu. Utavaa."